Simu yako ya zamani: kabla hujairuti, angalia pesa zako zinakaa wapi

Simu ya mwaka 2015 au 2016 ikianza kukwama, hapa Lubumbashi hukosi washauri. Pita soko la mtaa wa Kenya, pita Kamalondo, keti kwenye benchi la fundi yeyote, utaambiwa: iruti tu, itakuwa nyepesi. Nimeshughulikia simu za majirani na za wanafunzi kwa muda mrefu. Nyingine nimeziruti, na zilizo nyingi zaidi nimewarudishia wenyewe bila kuziruti. Nataka kueleza ninavyoamua, maana jambo hili linafika moja kwa moja kwenye mfuko wa mtu.

Kwanza tuelewane. Android imejengwa juu ya Linux, na ndani ya Linux yuko mtumiaji mmoja mwenye amri juu ya kila kitu, anaitwa root. Simu ikitoka kiwandani, wewe uliyeinunua hupewi cheo hicho. Kuruti ni kukichukua. Njia ninayoiamini ni Magisk, kazi aliyoianza John Wu mwaka 2016: unatwaa faili la boot la simu yako, lile linaloanzisha mfumo, Magisk inalirekebisha, unalirudisha mahali pake. Lakini kabla ya hapo sharti ufungue butiloda, yaani kile kiprogramu kinachoamka kwanza simu inapowashwa na kukagua kama mfumo ni ule wa kiwandani. Kuifungua kwa kawaida kunafuta kila kitu: picha, namba, mazungumzo. Fundi akikuambia atafungua na vitu vyako vitabaki, muulize vitabaki wapi.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, kwa sababu dawa hii watu wanaitafuta kabla ya kujua wanaumwa nini.

Mama mmoja wa Katuba aliniletea Samsung Galaxy J5, ile ya 2015 yenye RAM ya gigabaiti 1.5 na nafasi ya gigabaiti 8. Akaniambia: "Mwanangu, unitilie ile ruti, hii telefone inanichokesha." Nikaomba anioneshe inavyomchosha. Akafungua WhatsApp, ujumbe wa sauti wa binti yake aliyeko Kolwezi ukagoma kupakuliwa, nafasi imekwisha. Nikaingia kwenye mafaili, folda ya WhatsApp, kisha Media, kisha video. Mle ndani kuna folda nyingine inaitwa "Sent". Humo WhatsApp huweka nakala ya kila video uliyomtumia mtu, hata kama ile ya kwanza bado iko kwenye galari yako. Mama huyu ni wa kwaya, na kila wimbo wa mazoezi aliutuma kwenye makundi kadhaa. Tulikaa naye tukapitia moja moja, anasema hii ibaki, hii itoke. Tulipomaliza, ujumbe wa binti ukaingia, akausikiliza palepale akiwa amesimama. Simu ile haikuhitaji ruti hata kidogo.

Ndivyo zilivyo simu nyingi. Betri iliyovimba au inayozima ikifika asilimia 30 haiponi kwa ruti, inaponea kwa betri mpya, na J5 ina bahati kwamba betri yake inatoka kwa ukucha tu. Kumbukumbu ya ndani iliyochoka kwa miaka ya kuandikwa na kufutwa haiponi kwa ruti. Mtandao dhaifu hauponi kwa ruti.

Kuna tatizo lingine linalowadanganya wengi: tovuti zinakataa kufunguka, zinadai si salama. Tazama tarehe kwanza. Simu za bei rahisi zikikaa bila betri husahau tarehe, zikarudi miaka ya nyuma, na vyeti vyote vya tovuti, vile vinavyothibitisha kwamba tovuti ni yenyewe kweli, vikaonekana vibovu. Tarehe ikiwa sawa na bado zinagoma, angalia toleo la Android. Tovuti nyingi mno zinatumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt, na Android zilizo chini ya 7.1.1 hazikijui cheti chao cha msingi, ISRG Root X1. Daraja la muda lililokuwa likizisaidia simu hizo lilifikia mwisho wake Septemba 2024. Unaweza kukipakua cheti hicho kwenye tovuti ya Let's Encrypt kwa kutumia simu nyingine, ukakihamishia kwenye yako na kukiingiza kupitia mipangilio ya usalama, bila ruti. Simu itakutaka tu uweke kwanza namba ya siri ya kufungulia skrini. Ila cheti cha namna hiyo kitoke kwa wenyewe tu. Ukimruhusu mtu akuwekee cheti usichokijua, umempa uwezo wa kusoma unayoyapitisha.

Na zile programu za kiwandani zinazokula nafasi na mega, yaani data ya intaneti, bila kuombwa? Watu wengi wanataka kuruti kwa ajili yake. Hapo pia kuna njia ya pembeni. Gusa namba ya toleo la mfumo mara 7 ili chaguo za wasanidi zitokee, washa utatuzi wa USB, unganisha na kompyuta yenye ADB, kiprogramu cha kuitumia simu amri, kisha tumia amri ya pm uninstall --user 0 ikifuatiwa na jina la kifurushi. Programu inaondoka kwako: haikimbii tena nyuma, haijisasishi kwa mega zako. Nakala yake ya asili inabaki ndani na inarudi ukirejesha simu kwenye hali ya kiwandani, lakini kwa matumizi ya kila siku inatosha. Soma tu jina la kifurushi vizuri kabla ya kukiondoa, usije ukatoa kinachoendesha simu yenyewe.

Sasa pesa, jambo linalonifanya niwe mgumu.

Hapa kwetu simu ndiyo benki. Mshahara, ada za watoto, mtaji wa muuza makayabo (samaki wa chumvi), vyote viko M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Ukitumia menyu ya namba, ile ya nyota na reli, simu iliyorutiwa haitakusumbua, maana menyu ile inatoka kwenye laini na mtandao, haiulizi hali ya Android yako. Programu za benki ni habari nyingine. Nyingi huiuliza Google kama simu ni salama, zamani kupitia SafetyNet, sasa Play Integrity, na simu yenye butiloda iliyofunguliwa kwa kawaida hufeli mtihani huo. Programu inakataa kufunguka. Kuna watu wanakesha kutafuta namna ya kuificha ruti. Leo inakubali, mwezi ujao Google inabadilisha, unaanza upya. Mtu anayetegemea programu ya benki asijiingize kwenye mbio hizo.

Kubwa zaidi ni kwamba Android huzifungia programu kila moja kwenye chumba chake. Ukiipa programu ruti, umeipa ufunguo wa vyumba vyote: inaweza kusoma ujumbe wenye namba za kuthibitisha, inaweza kuona unachoandika. Magisk itakuuliza programu inapoomba, na kama una desturi ya kubonyeza ndiyo bila kusoma, kuulizwa huko hakukukingi. Kwa hiyo sheria yangu haibadiliki: simu yenye pesa zako au yenye laini inayopokea ujumbe wa pesa zako, mimi siiruti. Hata yaya, yaani dada au kaka mkubwa, akija na simu aliyo nayo moja tu, namwambia hapana, tutafute dawa nyingine.

Nazikataa kabisa programu za kuruti kwa kugusa mara moja. Zinafanya kazi kwenye simu za zamani kwa kupitia tundu la usalama ambalo halikuzibwa. Mfano ni Dirty COW, kasoro ya Linux iliyotangazwa Oktoba 2016 baada ya kukaa mle ndani tangu 2007. Tundu linalokupa wewe ruti linampa na mwizi. Tena programu ya aina hiyo ikishapata ruti, yenyewe ndiyo inakuwa mlinzi wa mlango, na hujui nani ameiandika.

Hapo ndipo penye swali lenyewe la simu ya zamani: matundu yake yalizibwa mara ya mwisho lini? Kuanzia Android 6, ingia kuhusu simu, utaona tarehe ya kiraka cha usalama. Ikikuonesha 2017, basi miaka yote hii simu haijapata ulinzi mpya, na kuiruti peke yake hakuongezi chochote. Wengi wanaoniomba ruti, nikiwasikiliza hadi mwisho, nakuta wanataka romu mpya, yaani mfumo mzima mwingine wa simu: Android ya karibu zaidi, yenye viraka vya karibu zaidi. Hivyo ni vitu viwili. LineageOS, moja ya romu hizo, iliyozaliwa mwishoni mwa 2016 romu iliyoitangulia, CyanogenMod, ilipofungwa, inakuja bila ruti ndani yake. Unafungua butiloda, unaiweka, unapata mfumo mpya, na unaishi bila ruti. Simu yenye Android 4.4, ambayo WhatsApp iliiacha mwanzoni mwa 2025, kinachoweza kuirudisha ni romu mpya, kama ipo.

Tatizo ni hilo neno "kama ipo". Tafuta modeli yako kamili kwenye orodha ya LineageOS kabla ya kugusa chochote. Simu za Tecno, itel na Infinix, ambazo ndizo zimejaa mikononi mwetu, ni nadra kuzikuta humo. Huawei iliacha kutoa namba za kufungua butiloda mwaka 2018. Samsung inafungulika kwa modeli nyingi za zamani, lakini simu zake zenye Knox, mfumo wake wa ulinzi, zina fyuzi ya ndani inayoungua ukiingiza mfumo usio wao, na hairudi tena. Xiaomi inafungua kwa ruhusa yake yenyewe baada ya kukungojesha, mara nyingi siku 7.

Na modeli kamili maana yake kamili. Mwanafunzi mmoja wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikuja na Redmi Note 4 aliyorithi kwa kaka yake. Ya kila siku alikuwa nayo nyingine, hii aliitaka kwa kusomea tu. Redmi Note 4 ziko mbili zenye jina moja: moja ya chipu ya Snapdragon, jina lake la ndani mido, nyingine ya MediaTek, jina lake nikel. Romu ya moja ukiitia kwenye nyingine, unaweza kubaki na jiwe, simu isiyowaka tena. Tulithibitisha kwanza kwamba ni mido. Romu tukaipakua kwa mtandao wa chuo, maana mamia ya megabaiti kwa mega za kununua ni hela nyingi. Kisha tukalinganisha namba ya SHA256, ile inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, iliyoandikwa kwenye tovuti na ya faili letu, herufi kwa herufi, kwa sababu faili lililokatika njiani linaonekana zima hadi uliweke. Kazi tukaifanya kwa laptopu yenye betri iliyojaa. Hilo la betri lishike sana: SNEL, shirika letu la umeme, ikikata umeme katikati ya kuandika mfumo na wewe unatumia kompyuta ya mezani, simu inaweza isiamke tena.

Simu ile inafanya kazi vizuri. Hiyo hata niliiruti baadaye kwa Magisk, kwa sababu inakaa kwenye chaja muda mrefu ikigawa mtandao chumbani, na kwa ruti tuliweza kuizuia isichaji kupita asilimia 80, betri isivimbe. Hayo ndiyo matumizi ninayoyapenda: simu ya pili, isiyo na laini ya pesa, yenye kazi moja inayojulikana. Mimi nikiwa mtoto wa Katanga, ninapojua kobalti ya betri hizi inatoka kwenye udongo gani, simu nzima kutupwa kwa sababu ya programu inaniuma kweli.

Ukishaamua kuendelea, andika IMEI zako, yaani namba za utambulisho wa simu, kwenye karatasi. Piga *#06# zitatokea. Kwenye simu za MediaTek, fundi akichagua kufomati kila kitu anaweza kufuta sehemu inayohifadhi IMEI, na simu ikaamka bila mtandao. Mwambie kabla hajaanza kwamba unazijua namba zako, na asiguse chaguo hilo. Toa laini zako na memori kadi, usimwachie. Hifadhi mazungumzo ya WhatsApp, kisha hakikisha umeiona tarehe ya hifadhi hiyo kwa macho yako. Na kumbuka barua pepe na nywila ya akaunti ya Google iliyomo ndani: tangu Android 5.1 simu iliyofutwa kwa nguvu inaweza kuidai kabla ya kukubali kufunguka. Kama ni simu ya kununua mkononi na akaunti ni ya mtu mwingine, umtafute huyo mtu kwanza, aiondoe yeye mwenyewe, ndipo uende kwa fundi.