Baiskeli, masika na maji ya Jangwani

Mlinzi wa ofisini kwetu ana swali moja kila masika: "Dada, na leo umekuja nayo?" Anauliza huku anaiona, imeegemezwa chini ya ngazi, inachuruzika maji mpaka mlangoni. Namwambia ndiyo, nimekuja nayo. Anatikisa kichwa, anakwenda kuchukua dekio.

Huu ni mwaka wa tano naenda kazini kwa baiskeli. Nakaa Sinza, Dar es Salaam, upande wa Shekilango, na kazi iko Posta ya Zamani. Ni kilomita nane na ushei kwa Barabara ya Morogoro: Urafiki, Manzese, Magomeni, unashuka bonde la Jangwani, unapandisha kituo cha Fire, umeingia mjini. Siku nzuri natumia dakika 35. Siku ya mvua 50, na zipo siku ambazo sihesabu. Sikuanza kwa ajili ya mazoezi wala mazingira. Nilichoka tu kusimama kituoni nikisubiri basi lenye nafasi ya kuweka mguu wa pili. Sasa kila nikikutana na mtu anayetaka kuanza, haniulizi baiskeli gani anunue. Ananiuliza mvua nafanyaje, na jua je.

Watu wanaogopa mvua inayonyesha. Mimi naogopa iliyokwisha kunyesha.

Nililijua hilo Aprili ya mwaka wa kwanza. Usiku kucha ilinyesha, alfajiri ikakatika, jua likachomoza safi, nami nikajiona mjanja kuliko wenzangu wote. Karibu na kituo cha Kagera kulikuwa na dimbwi, upana wake kama kanga mbili zilizotandikwa. Kulia bodaboda zinanipita kwa fujo, kushoto kuna biashara zimepangwa chini. Nikaona nipite katikati. Chini ya maji kulikuwa na shimo la mtaro lisilo na mfuniko. Mifuniko ya chuma haidumu mjini hapa, huishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Gurudumu la mbele likazama mpaka katikati ya spoku, nami nikatua kwa kiganja na goti. Mama mmoja muuza vitumbua aliacha karai lake kwenye moto akaja kunivuta mkono. Akanimwagia maji ya kunywa kwenye goti, akasema, "Pole mwanangu. Wewe wa tatu hapo, wiki hii."

Rimu ilikuwa imekunjika kama namba nane. Nilifika kazini saa nne.

Tangu siku ile, dimbwi nisilolijua silipiti. Nasimama pembeni nangoja bodaboda mmoja atangulie, naangalia maji yamemfika wapi na pikipiki imeinamia upande gani. Hawakawii, ndani ya nusu dakika atakuwa amepita mmoja. Kama maji yanaishia kwenye rimu yake, namfuata mlemle. Kama ameyumba, nashuka nasukuma, hata kama ni mbele ya watu. Na ukiona tawi la mti au tairi bovu limesimikwa katikati ya maji, jua kuna mtu aliyeanguka pale kabla yako akakuonea huruma.

Jambo la pili ni breki. Baiskeli nyingi za hapa, iwe Phoenix ya mzee au mtumba wa Kijapani, breki zake ni zile za raba zinazobana rimu. Rimu ikilowa, raba haishiki. Fundi wangu wa Manzese, mzee ambaye huwezi kumwuliza kitu kabla ya shikamoo, alinieleza vizuri: "Mizunguko ya kwanza breki inafuta maji, mwanangu. Kushika ni baadaye." Kwa hiyo mvua ikinyesha nagusagusa breki hata pasipo haja, ili rimu ikaushwe kidogo, na mteremko wa Magomeni Mapipa kwenda Jangwani naanza kupunguza mwendo juu kabisa, kabla baiskeli haijashika kasi. Rangi nyeupe za pundamilia na mifuniko ya chuma ile michache iliyobaki, hapo usikate kona wala usifunge breki. Pita umenyooka.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote, ingawa huwa ya kupendeza. Oili iliyodondoka miezi miwili mitatu kwenye vituo na vijiwe vya bodaboda inaelea juu ya lami, unaona kabisa rangi zake, na matairi yanateleza kama uko kwenye sabuni. Siku hiyo natembea mwendo wa muuza kahawa. Ikiendelea kunyesha siku mbili tatu, lami inakuwa imeoshwa, na inashika vizuri zaidi.

Halafu kuna Jangwani, ambako inabidi nikae kidogo.

Mgeni wa barabara hii anadhani Jangwani hujaa kwa mvua inayonyesha Jangwani. Mto Msimbazi unaanzia kule kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita uswahilini kote unabeba takataka na mchanga, ndipo unafika pale bondeni ambapo barabara iko chini na bahari iko karibu. Unaweza kutoka ofisini jua linawaka, ukafika Fire ukaona bonde zima ni ziwa la kahawia, kwa sababu Kisarawe ilinyesha mchana. Waliokuwepo kwenye mafuriko ya Desemba 2011 hawahitaji kuelezwa maji yale yanaweza kufanya nini.

Kwa hiyo jioni ya masika siteremki kabla ya kuuliza. Kabla ya kuiacha Fire naangalia wanaotoka upande wa Magomeni. Kama hakuna anayekuja kabisa, nimeshapata jibu. Kama wapo na miguu imelowa mpaka magotini, namwuliza mmoja. Na vijana watakuwepo, hawakosekani: "Dada, buku mbili tu, tunakuvusha na baiskeli yako." Usikubali. Maji yale yanakwenda, hayajasimama, na huoni ukingo wa barabara uko wapi. Baiskeli ikibebwa na maji itanunuliwa nyingine.

Njia yangu ya akiba ni kurudi Upanga, kupita daraja la Salenda, Kinondoni, kisha Barabara ya Kawawa mpaka Magomeni. Inaongeza nusu saa. Nayo ina bonde lake pale Mkwajuni, kwa hiyo nalo liulizie. Kukiwa kote kumefunga, baiskeli inalala ofisini chini ya ngazi, na mimi naungana na wenzangu kutafuta namna ya kufika nyumbani. Imenitokea mara nne katika miaka yote hii. Siyo nyingi.

Radi je? Bonde lile ni wazi, na wewe uko juu ya baiskeli, mrefu kuliko vingi vilivyo karibu. Nikisikia ngurumo naingia ndani ya duka au jengo la karibu. Mti hapana.

Sasa mavazi. Nilinunua koti la mvua la nailoni, zito, la bei. Nililivaa wiki mbili. Kwa joto la Dar unalowa kwa ndani kuliko ambavyo ungelowa kwa nje, ukifika unanuka kama umetoka kuvua samaki. Siku hizi naacha mwili ulowe, nalinda begi. Navaa suruali ya mazoezi na fulana nyepesi ya mikono mirefu, na juu yake kizibao cha rifleksa, kwa sababu kwenye mvua vioo vya magari vinajaa ukungu na dereva anaona nusu ya barabara. Taa nyekundu nyuma inawaka hata mchana. Miguuni yeboyebo zenye mkanda wa kisigino. Kandambili zinachomoka kwenye pedeli iliyolowa, utajikuta unakanyaga hewa. Viatu vya kazini havitoki ofisini, vinalala kwenye droo ya chini.

Nguo za kubadilisha, karatasi na simu vinakwenda kwenye nailoni. Zamani ilikuwa rahisi, rambo mbili umemaliza, na ya tatu unafunika kiti. Mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo mimi natumia nailoni ya ndani ya kiroba cha sukari. Ni ngumu, haipitishi tone. Naikunja mdomo mara tatu, naifunga kwa mpira wa tyubu, basi. Mpira wa tyubu usikuishie. Unafunga mzigo kwenye keria, unabana pindo la suruali lisiliwe na mnyororo, na siku nyingine unafunga hata soli ya kiatu.

Madigadi, tafadhali. Mitumba mingi yenye gia inafika bila madigadi, na inapendeza ikiwa hivyo, mpaka siku ya matope. Gurudumu la nyuma linakuchora mstari kuanzia kiunoni hadi kisogoni. Tafuta marefu, yafike chini. Ya mbele yawe na kipande cha raba mwishoni, ukate mwenyewe kwenye tairi bovu.

Kwa akina dada: twende kilioni ndiyo rafiki wa helmeti. Rasta nene zilizofungwa juu hazikai humo, na wigi nisilizungumzie. Mvua ikinyesha naweka kofia ya nailoni ya kuogea ndani ya helmeti. Makonda wameshanicheka wakachoka. Siku hizi wananipigia mbiu, "Dada, kanyaga, unachelewa!"

Jua nalo lina hila yake, tena watu hawalitazamii. Januari na Februari tatizo la kwanza ni jasho, na dawa yake ni kuwahi. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na robo, nakwenda taratibu, maana ukifukuzana na bodaboda utafika umeiva. Ofisini sibadilishi nguo papo hapo. Nakaa chini ya feni robo saa nzima, jasho likatike lenyewe, ndipo najifuta kwa taulo lililolowekwa maji na kuvaa. Ukivaa shati safi kabla mwili haujapoa umepoteza shati. Maji nabeba chupa mbili, moja naikamulia ndimu na kuitia chumvi kidogo.

La pili ni macho. Asubuhi naelekea mashariki, jioni narudi magharibi, kwa hiyo jua liko usoni mwangu safari zote mbili. Nililalamika miaka miwili juu ya hilo kabla sijafikiria kuwa dereva aliye nyuma yangu naye linampiga machoni, tena kioo chake kina vumbi. Yeye hanioni kabisa. Ndiyo maana rifleksa siivui kiangazi, na kwenye makutano simwamini mtu ambaye sijakutana naye macho kwa macho.

La tatu viraka. Gundi ya viraka vya zamani hulegea kwenye joto. Februari moja nilipata pancha mbili wiki moja, na zote hazikuwa msumari wala kioo. Ni kiraka kilichoachia baada ya baiskeli kukaa juani mchana kutwa imejazwa upepo mpaka inalia. Kama huna kivuli cha kuiegesha, punguza upepo kidogo. Tyubu yenye viraka vitano, nunua mpya.

Kipupwe sina mengi ya kusema. Juni hadi Agosti ni raha tupu. Asubuhi kuna kaubaridi, kusi inavuma, na jioni inakusukuma mgongoni kurudi nyumbani kama mtu aliyekushika kiti. Kama unataka kuanza, anza miezi hiyo, uzoee barabara kabla barabara haijabadilika.

Mnyororo ndio unaolipia masika. Mvua pamoja na hewa ya chumvi, siku mbili tu umeota kutu. Nikifika nyumbani naupangusa kwa kitambaa kikavu, nadondosha mafuta ya cherehani huku nazungusha pedeli kinyumenyume, kisha naufuta tena, yabaki ya ndani tu. Mafundi wengi watakumiminia oili chafu ya gari bure, kwa upendo. Kataa kwa heshima. Inashika mchanga, na mchanga unakula meno ya gia, halafu suruali yako haitatakata tena.

Na ukiona leo siyo siku yake, iache. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa "angalizo" mimi naendesha kwa uangalifu. Ikisema "tahadhari kubwa" napanda basi. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, nilishinda ndani nasikiliza bati.

Wiki hii ilinyesha siku nne mfululizo na tangu Ijumaa gurudumu la nyuma linalia kama panya. Fundi ameliinua, amelizungusha, ametega sikio. Anasema maji yameingia kwenye gololi, grisi yote imegeuka maziwa. Kesho naipitisha kwake kabla ya saa kumi na mbili, ameahidi nitaikuta chai imeshaiva.