Ile "saa 8" iliyotaka kutuponza: kwa wauguzi wanaokabidhiwa wodi

Juma lililopita mdogo wangu wa kazi alinipigia simu kutoka Bundibugyo, magharibi mwa Uganda. Wamempa uinchaji, yaani usimamizi, wa wodi ya wazazi, na swali lake lilikuwa fupi: "Sista, nianzie wapi?" Nikamwambia aanzie kwenye saa ya ukutani. Akacheka, akidhani namtania. Salio likaisha kabla sijamweleza, basi namwandikia hapa, na nyinyi wengine mliokabidhiwa funguo za kabati la dawa mwaka huu sogeeni msikilize.

Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi. Kiswahili nilikipata huko, kabla ya Kiingereza. Najua wapo Waganda wazima ambao wakikisikia bado wanakumbuka bunduki, na siwalaumu. Lakini mpakani na Congo, nilikofanya kazi miaka mingi, kilinipa kazi ya pili isiyo na mshahara: kila mama aliyevuka mpaka na uchungu wake, nilifuatwa mimi nikamsemeshe.

Sasa kisa chenyewe. Nilikuwa na wiki tano tu tangu niwe inchaji, katika kituo cha afya cha daraja la nne ambacho sitakitaja. Mama mmoja aliingia saa moja jioni, mimba yake ya pili. Mkunga wa usiku alikuwa mmoja, wenye uchungu watatu. Saa nane usiku mkunga akasikia mapigo ya moyo wa mtoto yameshuka. Akampigia daktari, daktari akaja, mama akaingizwa chumba cha upasuaji saa kumi kasorobo. Mama alipona. Mtoto alilia mara moja, akafariki kabla ya adhuhuri.

Siku ya tatu ndugu walirudi wakiwa na mwenyekiti wao wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kijana aliyesomea sheria. Wakalalamika wilayani, faili likaitishwa. Ndani yake, kwa mwandiko wa mkunga, palikuwa na mstari mmoja: namba 8, mapigo 96, daktari amearifiwa. Nane tu, bila kitu mbele wala nyuma. Yule kijana aliisoma kama inavyosomwa kwa Kiingereza, yaani saa mbili usiku. Kwa hesabu yake tulijua mtoto yuko hatarini tangu saa mbili, tukampasua mama karibu na saa kumi. Saa nane za uzembe, zote zimezaliwa na ile saa nane moja.

Ukisema Kiswahili au Luganda, siku yako inaanza kuhesabiwa alfajiri, na mkunga aliyechoka huandika anavyowaza. Kilichomwokoa ni katochi chake. Simu ile ndogo ilikuwa bado imehifadhi namba ya daktari, na mbele yake 02:07. Ingekuwa imefutika, sijui tungesema nini. Usalama wa mkunga kisheria ulikuwa umebebwa na kisimu cha shilingi elfu chache, si na faili la serikali.

Ningependa kuishia hapo, niwe nimewapa ushauri mdogo wa kuandika saa kwa tarakimu nne. Lakini faili lilikuwa na tundu jingine, na hilo halikuwa la kusoma vibaya. Patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, ilikuwa tupu kuanzia 23:00 hadi 02:00. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa, kila mwanafunzi wa ukunga analijua hilo. Nafasi sita zilikuwa nyeupe. Mkunga alikuwa anazalisha kitanda cha pili, kisha cha tatu, na cha tatu kilivuja damu.

Jioni kabla ya kikao cha kusikiliza malalamiko yale, mtu mzima mmoja ninayemheshimu alinivuta pembeni. "Musawo (ndivyo tunavyoitwa wahudumu wa afya kwa Luganda), jaza hizo nafasi. Kalamu ni ya bluu ile ile." Nilishika kalamu. Nasema ukweli wangu, nilishika. Sikujaza, na si kwa sababu ya utakatifu: niliogopa nakala. Yule kijana alishalipiga faili picha kwa simu. Leo ningekataa kwa sababu bora zaidi. Kujaza rekodi baada ya tukio ukijifanya uliandika usiku ule ni kughushi. Hapo unakuwa umetoka kwenye kosa la kazi, ambalo Baraza la Wauguzi na Wakunga linaweza kukuonya kwalo, ukaingia kwenye kosa la jinai. Na unakuwa umemwonyesha mkunga wako jinsi kiongozi anavyofanya akibanwa.

Kama kweli kitu kilifanyika na hakikuandikwa, kiandike leo kwa tarehe ya leo na saa ya leo, useme wazi kwamba unaandika baadaye, eleza kwa nini, weka sahihi. Ukikosea neno, pitisha mstari mmoja juu yake ili bado lisomeke. Usipake wino mweupe, usichane karatasi. Faili lenye aibu likisimama wima linaaminika kuliko faili safi mno.

Kikaoni walimhoji mkunga nusu saa. Kisha mwenyekiti wa kikao akavua miwani, akanigeukia. "Zamu ilipangwa na nani?"

Na mimi. Mkunga mmoja usiku kwa sababu mwingine yuko likizo ya uzazi na wa tatu amepelekwa semina. Nikajitetea kwamba niliwaambia wakubwa tumepungukiwa. "Uliwaambia lini?" Nikataja siku. "Barua iko wapi?" Barua haikuwepo. Niliwaambia koridoni, na koridoni hakuna muhuri. Kwa hiyo karatasi zilisema kwamba inchaji aliridhika na mkunga mmoja. Mkunga alipewa onyo la mdomo. Mimi nilipewa la maandishi, na hadi leo naona walikuwa sahihi.

Hapo ndipo nilipoelewa cheo changu. Vyuoni tulifundishwa uongozi kama tabia njema: usikivu, upole, mfano bora. Sawa. Ila sheria haikuulizi kama ulikuwa mpole. Inakuuliza ulijua nini, ulijua lini, na ulimwambia nani kwa njia inayoweza kuonyeshwa. Tangu siku ile, upungufu wowote unaogusa uhai, iwe oksitosini, dawa ya kuzuia damu baada ya kuzaa, imeisha, jenereta halina mafuta au zamu haina mtu wa pili, nauandikia barua ya mistari minne: tatizo, hatari kwa mgonjwa, tulichofanya kwa muda, tunachoomba. Nakala inagongwa muhuri wa kupokelewa, inarudi kwenye boksi faili langu jekundu. Wengine wananiita mama wa barua. Na waniite.

Msidhani haya ni ya vituo vya vijijini peke yake. Someni kesi ya hospitali ya wilaya ya Nakaseke. Mwaka 2011 mama alifika hospitali akiwa na uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama, wauguzi wakatambua anahitaji daktari, na daktari aliyekuwa zamu hakupatikana kwa saa nyingi. Mama akafa kwa kuchanika mfuko wa uzazi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliibebesha serikali ya wilaya lawama, ikaamuru familia ilipwe shilingi milioni 35. Yaani mwajiri hulipa kwa uzembe wa mtumishi wake akiwa kazini. Msikimbilie kufurahi hapo: mwajiri kulipa fidia hakuzuii Baraza kukuita kuhusu leseni yako. Hizo ni njia mbili tofauti, na ile ya jinai ni ya tatu.

Au ile ya Mulago, hospitali kuu ya rufaa jijini Kampala. Mama alijifungua pacha mwaka 2012, akatoka na mtoto mmoja, na maiti waliyokabidhiwa ya wa pili ikaonekana kwa kipimo cha DNA kwamba si wake. Mwaka 2017 mahakama iliamuru wazazi walipwe shilingi milioni 85. Nikiisoma kesi ile naona utepe wa mkononi mwa mtoto, rejesta, na makabidhiano ya zamu. Vitu tunavyomwachia mwanafunzi kwa sababu ni "vidogo".

Na mwaka 2020 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi kwa mama wajawazito ni kuvunja haki zao za kikatiba. Kesi hiyo ilifunguliwa mwaka 2011 baada ya vifo vya akina mama wawili hospitalini, ikazungushwa kwenye mahakama karibu miaka kumi. Kwangu mimi maana yake ni kwamba barua yangu ya mistari minne si umbea wala uasi. Ni taarifa kwa serikali kuhusu wajibu wake yenyewe.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni vikao. Mama akifa tunatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24 na kukaa kujadili kifo ndani ya siku 7. Kikao hicho ni cha kujifunza, na inchaji akikigeuza mahakama, watu watadanganya. Nimekiona kwa macho: anauliza "nani?" kabla ya "kwa nini?", na dakika hiyo hiyo kila mtu anageuka bubu. Cha nidhamu kina siku yake, na mtuhumiwa ana haki ya kusikilizwa na kuja na mtetezi. Usivichanganye. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 ulionyesha vifo 336 vya mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaonyesha 189. Siamini namba ile ilishuka kwa kutishana, ingawa wapo wakubwa wanaoamini hivyo.

Idhini ya upasuaji, kwa kifupi ila kwa msisitizo. Mwanamke mtu mzima mwenye fahamu zake anatoa idhini yake mwenyewe. Mumewe akiwa Kasese mjini, tunampigia kwa heshima, hatumngoji mtoto akichoka tumboni. Na kama mama hajui Kiingereza, dole gumba kwenye fomu ya Kiingereza halijathibitisha kitu. Mweleze kwa lugha yake, kisha andika ulimweleza kwa lugha gani na nani alitafsiri. Usimtumie mtoto wake wa miaka kumi kutafsiri. Nimewahi kufanya hivyo, na uso wa yule mtoto siusahau.

Leseni: tembea na orodha ya watu wako na tarehe leseni zao zinapoisha. Asiyesajiliwa hafanyi kazi ya uuguzi, hata kama ni mwema na mishipa anaipata kuliko wewe. Kuna mlinzi wetu mmoja alikuwa fundi wa kuweka kanula, ule mrija wa kwenye mshipa, wagonjwa walimwita musawo, nasi tulimwachia usiku ukizidi. Nilipokata jambo hilo nilichukiwa mwezi mzima.

Lakini sheria si fimbo tu, inapanua mikono pia. Tangu mwaka 2004 muuguzi wa Uganda aliyesomea tiba shufaa, ile ya kutuliza maumivu ya wagonjwa mahututi, anaruhusiwa kuandika morfini ya kunywa, jambo ambalo nchi nyingi bado zinamwachia daktari peke yake. Ninaye mmoja wa namna hiyo. Wagonjwa wa saratani huko vijijini wanalala usingizi kwa sababu yake. Deni lake ni kabati lenye kufuli mbili, daftari lenye sahihi mbili, na hesabu ya mililita inayolingana kila makabidhiano ya zamu. Mililita ikipotea naandika siku hiyo hiyo, hata kama namjua aliyeimwaga na najua aliimwaga kwa bahati mbaya.

Kuhusu hela sina maneno mengi. Dawa zilizogongwa alama ya serikali haziuzwi. Mama Kit ya serikali, ile pakiti ya vifaa vya kujifungulia, haiuzwi. Ukiona mama anahesabu noti karibu na kitanda, simama hapo hadi ujue zinakwenda kwa nani.

Yule mkunga bado ninaye. Kwa miezi kadhaa hakutaka kuniangalia, nami sikumlazimisha. Nilibadilisha ratiba: wawili usiku, na mmoja wa mchana akakosekana, kwa hiyo asubuhi nazalisha mimi mwenyewe huku ripoti za mwezi zikinisubiri hadi jioni. Mkubwa wangu hakupenda. Barua yake ipo kwenye boksi jekundu pamoja na zangu.

Ukipita leba yetu, chumba cha kuzalishia, utaiona saa ya ukutani, ya plastiki, ya sokoni. Ndani ya duara la namba zake pana duara la pili lililoandikwa kwa maka peni, 13 hadi 24, na 20 imepinda kidogo. Aliyepanda juu ya stuli kuziandika ni yule mkunga. Hakuniomba ruhusa.