Wananipenda, lakini hawanisikilizi

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, niko Sikonge, Tabora. Tangu mwezi wa tatu nimekuwa msimamizi wa mapokezi kwenye ghala la asali la chama chetu cha ushirika. Watu sita niliopewa nilikuwa mwenzao, na sikutaka waseme nimejiona. Basi wanaochelewa nawafichia, wenye shida nawakopesha, na asali ya ndugu zao naipokea hata ikiwa nyepesi, ya mjomba wangu ikiwemo. Wananiita "bosi wa watu". Ila nikitoa agizo wanacheka. Wiki iliyopita mapipa mawili yamechachuka na meneja anataka maelezo kwa maandishi. Nifanyeje wanisikilize bila kunichukia?* – Msimamizi

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hayo maelezo ya meneja, maana hayasubiri. Andika ukurasa mmoja: asali ilipokelewa bila kupimwa maji, wewe ndiye uliyeruhusu, na utaratibu utakaofuata ni huu na huu. Usitaje jina la mtu wa chini yako hata mmoja. Wakisikia umebeba jambo lako mwenyewe, utakuwa umeshaanza kazi ninayotaka kukueleza.

Sasa tazama ulichokuwa unagawa. Saa za kazi ni za chama na asali ni ya wanachama. Yule anayeingia saa 1:30 kila siku na kubeba ndoo za mwenzake anayefika saa 3 ndiye anayelipia wema wako, na analijua hilo. Wanaokusifu ni wale wanaofaidi. Wachapakazi wamenyamaza, na heshima huanza kutoka kwa hao.

Usirudi kazini na sheria kumi. Chukua tatu: saa ya kuingia, mzani, na kipimo cha maji. Jumatatu asubuhi waite wote, msimame hapo hapo mapokezi, dakika 10 zinatosha. Sema: "Mpaka sasa nimeacha mambo haya yaende ovyo. Kuanzia Jumatatu ijayo yatakuwa hivi, kwa kila mtu, nikiwemo mimi." Wape hiyo wiki moja wajipange. Usiombe radhi kwa maneno mengi wala usitishe mtu.

Kwenye mzani, kila asubuhi kabla ya mrina asali wa kwanza, wekeni jiwe la kilo 20 na muandike kitabuni mzani umesoma ngapi. Ndoo tupu ipimwe kwanza, uzito wake utolewe. Namba isomwe kwa sauti, mrina akiwa amesimama anaiona, kisha yeye na mpimaji watie saini. Kumbuka pia kwamba lita moja ya asali ina kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa haizidi sana kilo 28. Ukikuta kitabuni kilo 31, simama hapo, uliza.

Kwenye maji ndipo mapipa yako yalipoharibikia. Asali iliyozidi asilimia 20 ya maji hamira zake huamka, na ndoo moja nyepesi ikimiminwa kwenye pipa inaweza kuchachusha yote. Koroga ndoo kabla ya kuchukua tone, kwa sababu asali nyepesi hukaa juu na nzito hukaa chini. Weka tone kwenye refraktomita, yaani kile kifaa cha kupimia maji ya asali, funika, subiri nusu dakika, soma, futa kwa kitambaa chenye unyevu. Ikizidi, haipokelewi. Mpe mrina karatasi yenye kipimo chake, na mweleze kwa adabu kwamba arine masega ambayo angalau robo tatu yake nyuki wameshayafunika kwa nta. Mzee aliyesukuma baiskeli kutoka porini anastahili maelezo hayo, na kiti cha kukalia wakati anayapokea.

Na ndoo ya kwanza kurudishwa, ikiwa imezidi, iwe ya mjomba wako. Nenda nyumbani kwake kabla, umwambie mapema asije akashtukia mbele za watu. Atakasirika. Lakini hiyo ndoo ikirudi, watu sita wataelewa kitu ambacho hotuba yako isingewaeleza.

Anayechelewa ongea naye siku hiyo hiyo, pembeni, dakika tano. "Leo umeingia saa 2:20. Kuna nini?" Kisha nyamaza, msikilize mpaka amalize, maana huenda ana mgonjwa nyumbani, na hilo lina utaratibu wake wa ruhusa. Mkubaliane, uandike tarehe. Akirudia, onyo la maandishi, nakala kwake na nakala kwenye faili. Likifika kwenye kikao cha nidhamu, ni la meneja, na mhusika apewe taarifa angalau saa 48 kabla. Usimseme mtu kwenye kundi la WhatsApp, na usianze na "watu wanasema". Kukopesha, acha tu.

Watakujaribu, usishangae. Mara nyingi anayejaribu ni yule kipenzi cha wote, tena kwa utani. Utani ni mzuri, uendelee saa ya chai. Kwenye mzani mjibu kwa upole na namba ibaki ile ile. Ukimwachia yeye, wale watano wengine wamekuaga.

Kosa jingine ni kuruka upande wa pili ukaanza kukunja uso na kufoka. Watu wakikuogopa watakuficha mambo: refraktomita itasoma 22, wataandika 19, na utayajua pipa likishatoa povu. Anayekuletea habari mbaya mapema mshukuru mbele ya wenzake.

Halafu wapiganie, hili naliona kubwa kuliko yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, na ziada hulipwa mara moja na nusu. Msimu wa kurina ukipamba moto wanakaa mpaka usiku. Andika saa za kila mtu, mpelekee meneja mwenyewe, na uwaletee jibu hata kama ni baya.

Umeuliza kama watakuchukia. Mmoja au wawili watakununia, labda mwezi, labda msimu mzima. Wasalimie kila asubuhi kama kawaida, uliza hali za watoto wao, na usiwafuate kuwabembeleza. Kama kati yao yumo rafiki yako wa karibu, usimwache asikie mambo haya Jumatatu pamoja na wengine. Mfuate Jumapili kwake, umweleze yote matatu.