Ruta kunyamaza dakika nzima ukiiweka chaneli 100

Ruta ni nzima. Kwenye chaneli hiyo ya Wi-Fi ya 5 GHz inalazimika kusikiliza kwa sekunde 60 kabla ya kurusha chochote, kwa sababu mwenye nyumba pale ni rada na Wi-Fi ni mpangaji tu. Mkutano wa redio wa ITU (shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano) wa 2003, Geneva, ndio ulioyafungua masafa ya 5250–5350 na 5470–5725 MHz kwa mitandao isiyo na waya, kwa sharti kwamba kifaa kiitambue rada na kuipisha. Kikisikia mapigo yake, kinatakiwa kihame ndani ya sekunde 10 na kisirudi hapo kwa dakika 30. Ndiyo maana wakati mwingine simu zote zinakatika Wi-Fi kwa pamoja halafu zinarudi zenyewe.

Wanaoizima hiyo kinga kwa kubadilisha nchi kwenye mipangilio hawajui wanachokigusa. Mwaka 2009 huko San Juan, Puerto Rico, rada ya hali ya hewa inayohudumia uwanja wa ndege ilichafuliwa na vifaa vya watoa huduma za intaneti vilivyokuwa vikirusha kwenye 5600–5650 MHz, na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ikawapiga faini baadhi yao.

Ukiwa Ulaya, chaneli 120 hadi 128 zinasubiri dakika 10 kabisa, usidhani imekwama. Kama huna subira, rudi 36 hadi 48. Hazina sharti hilo, ila majirani wengi nao wamejazana humo humo.