Acha Nafasi: Ushauri wa Kupanga Mawe Katika Tangi Jipya la Matumbawe

Katika tangi la maji ya chumvi karibu kila kitu hubadilika baadaye bila taabu kubwa: taa, pampu, hata samaki. Mawe si hivyo. Matumbawe yakishashika na kutambaa kutoka jiwe moja hadi jingine, kung'oa jiwe la chini ni kuvunja kilichochukua miaka kukua. Ndiyo maana huwasihi wanaoanza wasiiharakishe hatua hii, na wanapoifanya wawaze zaidi juu ya mahali watakapoacha wazi kuliko mahali watakapojaza.

Tangi jipya hudanganya macho. Mawe yakiwa bado hayajaotwa na kitu huonekana machache, na mwenye tangi hushawishika kuongeza. Kanuni ya zamani iliyoenea miongoni mwa wafugaji wa matumbawe ilitaka ratili moja hadi mbili za mawe kwa kila galoni, yaani takriban gramu 120 hadi 240 kwa lita. Kwa tangi la lita 200, hizo ni kilo 24 hadi 48. Mimi hubaki upande wa chini wa kiwango hicho, na mara nyingi hushuka chini yake kabisa, mradi mawe yawe mepesi na yenye vitundu vingi. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, hukaa kwenye nyuso za jiwe na katika vitundu vyake, kwa hiyo jiwe zito lililoshikamana huongeza uzito na kupunguza maji bila faida ya maana kwa bakteria hao.

Kuhusu mawe hai, yaani yanayouzwa yakiwa bado na viumbe wadogo wa baharini, na mawe makavu, nimeishia kupendelea makavu kwa sehemu kubwa ya kazi, pamoja na kipande kidogo cha jiwe hai kwa ajili ya kupandikiza viumbe. Jiwe hai huja na uhai wake tayari, lakini linaweza pia kuja na anemoni waharibifu wa jamii ya Aiptasia, nalo halivumilii kukaa nje ya maji wakati unatafakari. Jiwe kavu hukusubiri. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya mawe makavu hutoa fosfati, ambayo hulisha mwani, kwa hiyo ni busara kuyaloweka kwanza kwenye ndoo, kuyapima maji yake na kuyabadilisha hadi kipimo kitulie.

Mpangilio wenyewe hufanyika mezani. Tandika karatasi ngumu yenye ukubwa wa sakafu ya tangi, kisha chora mstari wa ndani ulio sentimita 10 kutoka kila upande, na usiruhusu jiwe lolote liuvuke. Pengo hilo ndilo njia ya sumaku ya kusafishia kioo, ya mkono wako, na ya maji yanayozunguka nyuma ya mawe. Ukiyaegemeza mawe kwenye kioo cha nyuma, takataka hukusanyika mahali usipopafikia, na nitrati hupanda bila wewe kuona chanzo chake. Kwa kimo, mimi hukomea kwenye theluthi mbili za maji, kwa kuwa matumbawe yatakayokaa kileleni nayo yatarefuka kuelekea kwenye taa.

Ndani ya mstari huo napenda visiwa viwili visivyolingana, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, vikitenganishwa na mkondo wazi wa mchanga usiopita katikati kamili ya tangi. Sababu ya kwanza ni maji, maana pampu hupeleka mkondo hadi nyuma badala ya kuugonganisha na ukuta. Sababu ya pili ni vita vya matumbawe. Tumbawe aitwaye Galaxea anaweza kunyoosha minyiri mirefu yenye sumu, hasa usiku, na kumuunguza jirani aliye mbali kuliko unavyodhani ukimtazama mchana. Euphyllia, tumbawe mwingine, naye huwaumiza wasio wa jamii yake. Kwenye lundo moja lililobanana hakuna pa kuwatenganisha. Kwa sababu hiyohiyo, vilele vya mawe yangu huwa bapa na vyenye vidaraja kwa ngazi tofauti: Acropora, ambaye ni tumbawe gumu, apate mwanga mkali na mkondo wa nguvu juu, na matumbawe laini yakae chini kwenye mwanga hafifu. Kilele chenye ncha hupendeza kwenye picha, lakini hakina pa kubandika kipande cha tumbawe hata kimoja.

Samaki nao wana haki yao hapa. Pango liwe na milango miwili, ili samaki mnyonge anayefukuzwa asizibiwe njia, na mawe yakatize macho ya samaki wa upande mmoja asimwone wa upande wa pili muda wote. Samaki aitwaye kangaja huhitaji urefu wa kuogelea, na kama tangi ni fupi, hakuna mpangilio wa mawe utakaomfidia.

Uimara haujadiliwi. Jiwe la msingi hukaa juu ya sakafu ya tangi, kisha mchanga humwagwa kulizunguka, kwa sababu samaki wa aina ya gobi na kamba wanaochimba huondoa mchanga chini ya jiwe usiku kucha hadi liporomoke. Maungio huyashika kwa gundi nzito ya sianoakrilati: napaka gundi pande zote mbili, naminya, kisha nanyunyiza unga wa jiwe lilelile, nao huganda na kuficha mstari wa gundi. Tao linalobeba uzito huhitaji zaidi, yaani tundu lililotobolewa kwa drili na kijiti cha akriliki kinachopita katika mawe yote mawili. Chuma na shaba visiingie kabisa. Shaba huwaua kamba na konokono. Gundi ikikauka, sukuma kila kisiwa kwa kiganja kutoka pande zote. Kikitikisika hata kidogo, kirudi mezani.

Maji yakishajazwa na chumvi kufikia gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji, washa pampu na upulize kila shimo kwa bomba dogo la mpira. Pale ambapo vumbi linanyanyuka na kutua palepale, mkondo haufiki. Geuza pampu, na ikishindikana, sogeza jiwe. Wiki za kusubiri amonia na nitriti zishuke hadi sifuri ndizo za marekebisho hayo, kabla ya tumbawe lolote kubandikwa.

Matumbawe yanayotambaa haraka, kama Xenia na Briareum, yatengee jiwe la peke yake lililozungukwa na mchanga pande zote. Yakipanda kwenye kisiwa kikuu yatafunika kila kidaraja ulichokiandaa, lakini yakiwa mchangani unaweza kulitoa jiwe lote, kuyapunguza kando kwenye ndoo, na kulirudisha bila kugusa kingine.