Msuli wa mguu kukaza usiku

SWALI: Daktari, nina miaka 54. Usiku shavu la mguu hunikaza ghafla, linakuwa gumu kama jiwe. Nifanye nini? – Mama, Tanga

JIBU: Pole sana, mama. Ndani ya msuli mna nyuzi nyembamba za aktini na nene za miosini, ambazo ni protini. Neva ikituma amri, kalsiamu humwagika, miosini huishika aktini na kuivuta, msuli hufupika. Ili ulegee, panahitajika nishati, na kalsiamu irudi kwenye vifuko vyake. Usiku neva hutuma amri zisizotakiwa, hasa ukilala vidole vya mguu vimeelekea chini, maana hapo msuli tayari umefupika.

Ukikazwa, nyoosha goti, vuta vidole kuelekea kwako taratibu kwa sekunde 30, kisha kanda. Usiuvute kwa kishindo. Kila jioni egemea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kikiwa chini, mara 3 kila upande.

Tafadhali usimeze kwinini kwa ajili hii: inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda. Kama unatumia dawa ya kushusha kolesteroli au ya kuongeza mkojo, mweleze daktari wako. Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto, au mkojo ukiwa wa kahawia, nenda hospitali siku hiyohiyo.