Macho yanatiririka machozi, halafu unaambiwa ni makavu

Mwezi wa nne baada ya upasuaji wa macho wa leza, ule wa kuachana na miwani na lenzi, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha daktari wa macho, machozi yananishuka mpaka kidevuni, najifuta na kiganja, namwambia dokta nadhani macho yangu yametoboka yanavuja. Akaangalia kwenye ile mashine yake akanyanyua kichwa akasema una macho makavu. Nikacheka kwanza, nilijua ananitania.

Hakuwa anatania. Na kama na wewe umefanya leza na uko hapo hapo, macho yanawasha kama yameingia mchanga, asubuhi kope zimegandana, upepo kidogo tu unalia kama umefiwa, basi haya yafuatayo yangenisaidia sana kama mtu angeniambia mwaka ule wa kwanza badala ya kuniambia "tumia matone, vumilia".

Hiyo ya machozi kwanza tuimalize. Machozi mazuri sio maji matupu. Ndani yana maji, juu yake kuna utando mwembamba sana wa mafuta unaozuia maji yasikauke, na chini kuna ute unaoyafanya yashike kwenye jicho. Sasa jicho likikauka likaumia, linapiga king'ora, tezi inamwaga maji mengi kwa mkupuo, lakini ni maji ya dharura tu, hayana mafuta ya kutosha, yanateleza yanamwagikia shavuni, dakika moja baadae jicho liko kavu kama mwanzo. Ndo maana unalia na bado una ukavu.

Na kwa nini leza inaleta haya? Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ni moja ya sehemu zenye neva nyingi kuliko zote mwilini. Kwenye Lasik, aina moja ya huo upasuaji wa leza, wanakata tabaka jembamba la konea wanalifunua kama ukurasa wa daftari, leza inafanya kazi yake chini, halafu wanalifunika. Neva zilizopita pale zinakatika. Na hizo neva ndo zilikuwa zinauambia ubongo "huku kumekauka, leta machozi, pepesa". Zikikatika taarifa hazifiki vizuri, machozi yanapungua na kupepesa kunapungua. Kwa watu wengi zinaota tena na hali inatulia ndani ya miezi 6 mpaka 12. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, walifuatilia watu waliofanyiwa Lasik, na kati ya wale ambao hawakuwa na dalili yoyote ya ukavu kabla, mpaka asilimia 28 walikuwa nazo miezi 3 baadae. Kwa hiyo kama uko mwezi wa pili, punguza presha, kuna uwezekano mkubwa litapita. Mi ni wale ambao halikupita. Sasa hivi niko mwaka wa tatu.

Nikirudi nyuma naona dalili zilikuwepo wazi kabisa. Nilivaa lenzi za kubandika jichoni miaka tisa, na miaka miwili ya mwisho ilikuwa ikifika mchana nazitoa kwa hasira, zinakwaruza, macho mekundu, ndo nikasema basi, bora nikafanye leza niachane na huu usumbufu. Kumbe lenzi zilikuwa zinanikera kwa sababu macho tayari yalikuwa makavu! Nilikimbia moshi nikaingia kwenye moto. Kama bado hujafanya na unasoma hii, sababu yako ikiwa ni "lenzi zimenishinda", omba upimwe ukavu kabla ya kitu kingine chochote, na ukikutwa nao utibiwe kwanza. Sikuulizwa hilo swali hata mara moja, na mimi sikujua kama ni la kuuliza.

Kosa la pili lilikuwa matone. Nilianza na yale ya kuondoa wekundu, manake kwenye kioo ninachokiona ni wekundu. Yanabana mishipa ya damu, jicho linakuwa jeupe zuri, dawa ikiisha nguvu wekundu unarudi na nyongeza, unaweka tena. Yaache kabisa, hayana kazi kwenye ukavu. Halafu nikahamia kwenye machozi ya bandia ya kichupa cha kawaida, nikawa naweka kila nusu saa. Sikujua kwamba vichupa vingi vya namna hiyo vina kihifadhi cha kuzuia bakteria, mara nyingi ni benzalkoniamu kloraidi, na hicho kihifadhi ukikiweka mara nyingi kwa siku kinachubua chembe za juu za konea. Yaani nilikuwa naweka dawa ya kutuliza na kitu cha kuchubua kwa wakati mmoja halafu nashangaa mbona naongeza matone na hali inazidi. Kanuni niliyopewa ni rahisi: ukizidisha mara nne kwa siku, tumia yasiyo na kihifadhi, vile vichupa vidogo vya plastiki unavyovunja kichwa, au chupa maalum za pampu. Ukikifungua kile kidogo fuata maelezo ya muda wa kukitumia, usikiweke mfukoni siku tatu kwa kubana matumizi (nilifanya, usifanye).

Sasa hapa ndo penyewe. Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa natibu maji wakati shida haikuwa maji.

Daktari wa tatu ndo wa kwanza kunipima kweli. Alinitundikia karatasi nyembamba kwenye kope za chini, zinaitwa karatasi za Schirmer, unafumba macho dakika 5 halafu wanaangalia zimelowa milimita ngapi. Yangu ililowa 14, na ikizidi 10 kwa kawaida wanaona iko sawa. Akaweka rangi ya njano kwenye jicho, akaniambia pepesa mara moja halafu usipepese, akahesabu. Utando wa machozi ulipasuka sekunde ya tatu. Inatakiwa ufike kumi hivi. Halafu akabonyeza ukingo wa kope yangu ya chini kwa kidole, taratibu, akanionyesha picha kwenye skrini: kwenye ule mstari wa vitundu vya tezi za mafuta, nyuma ya nywele za kope, palipotakiwa kutoka mafuta mepesi kama ya kupikia, kulikuwa kunatoka kitu cheupe kizito kinajikunja, kama dawa ya meno ikitoka kwenye tyubu. Vitundu vingine havikutoa kitu kabisa. Akasema maji unayo, mafuta ndo huna.

Nilikaa kimya. Mwaka mzima wa matone!

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndo huu, kabla hujanunua chochote kingine tafuta mtu akupime akwambie kwako kilichoharibika ni nini, maji, mafuta, neva, au mchanganyiko. Uliza wazi: "umeziangalia tezi za kope zangu?" Asipoelewa swali tafuta mwingine.

Kama ni mafuta, kazi kubwa ni joto. Yale mafuta yaliyoganda yanahitaji kuyeyuka, na hayayeyuki kwa kitambaa cha maji ya moto unachokiweka mara moja, manake kitambaa kinapoa ndani ya dakika mbili, utakuwa umeosha uso tu. Mi natumia kile kinyago cha macho chenye punje ndani, unakipasha kwenye maikrowevu, kinashika joto dakika 10. Kisiwe cha kuunguza, kijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono, ukiona huwezi kukivumilia pale usikiweke machoni. Kikitoka tu, kabla kope hazijapoa, unazisukuma taratibu kwa kidole kisafi, ya juu unashusha chini, ya chini unapandisha juu, kuelekea kwenye mstari wa nywele za kope. Usikandamize jicho lenyewe na usifikiche, sisi tuliokatwa konea kufikicha macho tusahau. Nilifanya asubuhi na jioni wiki tano bila kuona chochote, nikawa nafanya kwa kununa, wiki ya sita nikashtuka nimeendesha gari jioni nzima taa za mbele hazijatawanyika kama nyota. Kuiacha ndo kosa, niliacha mwezi mmoja nikajiona nimepona, ikarudi yote.

Cha pili ni kupepesa, na hapa wengi wanadhani ni mzaha. Niliweka simu inirekodi nikiwa nafanya kazi kwenye laptopu, nikaja kuangalia video. Mtu akiwa anaongea tu na wenzake anapepesa kama mara 15 kwa dakika. Mimi kwenye video dakika nzima nilihesabu nne, na mbili kati ya hizo kope ilishuka nusu ikarudi, haikugusa ya chini. Kupepesa ndo kunakamua yale mafuta na kuyapaka kwenye jicho, sasa kama hufumbi mpaka mwisho hakuna kinachopakwa. Zoezi lake: fumba, tulia sekunde mbili, bana kidogo, fumbua. Mara kumi, kila ukikumbuka. Pia kila dakika 20 angalia kitu kilicho mbali mita 6 hivi kwa sekunde 20, na shusha skrini iwe chini ya usawa wa macho, ukitazama chini jicho halifunguki sana na eneo la kukauka linapungua. Feni na kiyoyozi visikupige usoni, hilo sina haja ya kulieleza.

Usiku je? Mi asubuhi ndo ilikuwa mbaya kuliko muda wowote, unaamka unajua ukifumbua ghafla utachubuka, kwa hiyo unalala pale umefumba, unapapasa kichupa kwa mkono, unaweka tone kwenye kona, unasubiri kope ziachane zenyewe. Daktari akaniuliza unalala macho yamefunga kweli? Nitajuaje? Nikamwomba mwenzangu aniangalie. Usiku wa manane nikaamshwa na tochi ya simu usoni, namsikia anasema "weupe unaonekana hapa chini, kaa mamba". Basi ndo hivo, nilikuwa nalala kope ziko wazi kidogo. Tangu hapo naweka mafuta mazito ya macho kabla ya kulala (yanatia ukungu, weka ukiwa tayari kitandani) na kinyago cha kulalia kisichogusa jicho.

Vidonge vya omega-3 nilimeza mwaka, sikuona kitu, na utafiti mkubwa wa DREAM uliotoka 2018 haukukuta vinazidi vidonge vya mafuta ya zeituni walivyopewa wenzao. Kuna watu wanaapa navyo, sawa. Kilichonisaidia bila kutarajia ni miwani ya kuziba pembeni kwenye upepo. Na angalia dawa unazokunywa kwa mambo mengine: za mzio nyingi zinakausha, za chunusi aina ya isotretinoini ndo usiseme, baadhi za msongo nazo. Usiache dawa kienyeji, mwambie aliyekuandikia.

Hayo yakishindikana bado kuna milango. Kuna matone ya siklosporini ya kutuliza uvimbe, yanachoma na yanataka miezi kabla ya kuonyesha matokeo. Kuna matone ya steroidi, hayo ni kwa muda mfupi na chini ya usimamizi tu, yanaweza kupandisha presha ya jicho. Kuna vizibo vidogo vya kuziba tundu linalopitisha machozi kwenda puani ili yabaki jichoni, kuna matone yanayotengenezwa kwa majimaji ya damu yako mwenyewe, kuna lenzi kubwa za sklera, zinazokaa juu ya weupe wa jicho, zinazohifadhi maji juu ya konea mchana kutwa. Na kuna watu ambao kila kipimo kiko safi na bado jicho linawaka moto. Hapo mwulize daktari kuhusu maumivu ya neva, anaweza kuweka tone la ganzi aone maumivu yanapungua au la, akajua yanatoka kwenye jicho lenyewe au kwenye neva za juu zaidi kuelekea ubongoni. Ila hilo tone la ganzi lisije nyumbani kwako hata siku moja, ukilitumia mara kwa mara linaharibu konea. Na maumivu makali ya ghafla, usaha, au kuona kupungua ghafla, hayo sio ya kukanda, nenda siku hiyo hiyo.

Kilichoniuma zaidi lakini ni kuambiwa na aliyenifanyia kwamba upasuaji umefanikiwa kwa sababu nasoma mstari wa mwisho kwenye chati. Kweli nausoma. Nausoma nikipepesa, halafu unafifia, nikipepesa tena unarudi. Mtu akikwambia huna tatizo kwa sababu ya chati, mwambie asubiri sekunde tano akuulize tena. Na usiku usikeshe unasoma habari za walioharibikiwa, nilifanya hivyo miezi, gizani, kwenye simu, bila kupepesa.

Siku hizi natumia vichupa viwili vitatu kwa siku badala ya ishirini. Siku za kiyoyozi vinafika sita. Juzi nimefua suruali nikakuta kimoja mfukoni hakijafunguliwa, cha lini sikumbuki.